Jua Nililolizungusha

Katika kundi letu ni marufuku kusema "nzuri". Ukisema "nzuri" unaonywa, ukirudia unatolewa, na hurudishwi mpaka uombe radhi kwa maandishi. Marufuku pia "hongera", "umetisha", na vile vidole gumba vya njano. Ukiwa na neno juu ya picha ya mwenzako, unaifungua kwenye simu, unachora duara jekundu penye kasoro, unaandika kasoro ni ipi na airekebishe vipi. Basi. Anayetaka kusifiwa aende kwa shangazi yake.

Tuko kumi na wanne. Kazi yetu, kama inafaa kuitwa kazi, ni kuchora vitu vya thrii-dii kwenye kompyuta: nyumba, viti, masufuria, bajaji. Ukishachora unaweka jua au taa, halafu unaiacha kompyuta ihesabu jinsi mwanga unavyogonga kila kitu mpaka itoe picha inayofanana na ya kamera. Hatua hiyo ya mwisho tunaiita kurenda. Hakuna aliyetutuma. Yupo fundi wa madirisha ya alumini wa Chang'ombe, ambaye tangu ajiunge amechora vioo, glasi na chupa tu, na siku moja akachora tone la maji, tukajua yuko likizo. Yupo bwana mmoja anayechapa mabango Mikocheni. Huyo tunamwita mkaguzi, maana ukituma picha, kabla hujaweka simu mezani duara lake limeshafika. Nami ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, mwanamke peke yangu mle ndani, wananiita Ticha. Wengine hawahusiki na haya ninayoyasimulia.

Niliingia nikiamini nitajiona nimefika nyumbani. Maduara mekundu nimeyagawa kwa watoto wa watu miaka mingi, sikuwa nimewahi kugawiwa. Picha yangu ya kwanza ilikuwa sufuria la wali juu ya jiko la mkaa. Lilirudi na maduara kumi na moja. Moja lilikuwa kwenye mvuke. "Ticha, mvuke wako unashuka." Nikaangalia. Ulikuwa unashuka.

Nilinuna siku mbili, kisha nikarekebisha mvuke. Nilijifunza kwamba hakuna ukuta safi duniani, kila swichi ya taa lazima iwe na weusi wa vidole pembeni, na kwamba hakuna meza yenye kona kali kama wembe isipokuwa meza ya anayeanza. Baada ya nusu mwaka macho yangu yaliharibika kabisa. Katika chumba cha walimu nilikuwa natazama meza ya mkuu wa shule na kuwaza kwamba kona zake zimekaa vizuri. Nikiwa msibani, watu wanalia, nilijikuta napima kivuli cha turubai, nikaona kingo zake ni laini mno kwa saa ile. Sijivunii hilo.

Mama yangu alikuwa amepanga Chang'ombe, chumba na sebule, tangu mimi sijaanza shule. Nyumba ile ilitazama mashariki. Kufika alasiri, baraza ilikuwa imeingia kivulini kitambo, ikiwa imepoa. Mama alikuwa akishaswali alasiri anatoka na kigoda na fungu la miyaa mbichimbichi aliyoinyunyizia maji, anakaa, anasuka ukili mpaka magharibi. Ukili ni ule ukanda mrefu wa miyaa unaoshonwa baadaye ukawa mkeka. Mikono yake haihitaji kusimamiwa, inasuka yenyewe. Macho na mdomo vilikuwa vya barabara. Kila aliyepita alisalimiwa, aliulizwa mgonjwa wake anaendeleaje, na akishapinda kona alichambuliwa. Nadhani kwa mama mikeka ilikuwa kisingizio tu cha kukaa pale.

Kiwanja alikuwa nacho Mbagala. Kiko kwenye kona, kina njia mbili. Upande wa mashariki kuna kichochoro kinachotazamana na migongo ya nyumba za watu na kuta za vyoo vyao. Upande wa magharibi kuna barabara ya kwenda sokoni, yenye bomba la maji, cherehani mbili na muuza mihogo. Watu wote wanapita huko. Ulipofika wakati wa kujenga, mama aliniambia nimchoree, kwa kuwa alisikia siku hizi nachora nyumba. Nikamuuliza anataka vyumba vikaeje.

"Weka unavyoona."

"Na jiko?"

"Jiko ni jiko. Miye nataka baraza tu. Nikae alasiri, nione watu, nisiungue."

Hakuomba kingine, na sikumbuki kama aliwahi kuniomba kitu kabla ya hapo.

Nikachora. Mara ya kwanza nilichora kwa haki. Baraza niliiweka magharibi, kwenye watu, kaskazini nikaiweka kaskazini, na jua nikaliweka panapokuwa jua la Dar saa kumi. Nilitaka nione lingekuwaje. Lilipiga baraza yote, ukuta wote, mlango wote. Nikatuma kwenye kundi bila maelezo, maana hiyo nayo ni sheria yetu. Hatuelezi picha. Picha ikihitaji kuelezwa, hiyo ni kasoro.

Duara la mkaguzi lilimeza nyumba nzima. "Jua linapiga uso kwa uso, picha imekuwa bapa kama chapati. Zungusha jua lije kwa nyuma ya nyumba, baraza iingie kivulini. Rangi ya jioni iache hivyohivyo."

Kama ushauri wa picha, ulikuwa sahihi. Mpaka leo nitautetea. Kwenye programu yetu jua linazungushwa kwa kigurudumu kidogo pembeni ya kioo, kama cha kuongezea sauti ya redio. Nilikizungusha kwa kidole kimoja. Kivuli kikashuka barazani taratibu, ukingo wa paa ukapata mstari mwembamba wa dhahabu, mchanga wa mbele ukang'aa. Nikaongeza kigoda. Nikaongeza na bunda la ukili ukutani, nililolichora siku nne, kila jani na unyevu wake. Kisha nikaiweka kompyuta irende kwenye chumba cha walimu. Ilirenda siku mbili huku feni yake ikilia kama mashine ya kusaga, na mwalimu wa kemia akauliza kama kuna kitu kinaungua.

Nikatuma. Ikapita saa ya kwanza, ya pili, ikapita siku nzima. Hakuna duara. Kwa sheria zetu picha ikikaa siku nzima bila duara inahesabiwa imepita, na mimi haikuwa imewahi kunitokea. Yule fundi wa alumini aliniandikia pembeni, nje ya kundi: "Ticha, nimetafuta sana." Nilifurahi kijinga. Kidato cha pili hawakupewa kazi ya nyumbani wiki ile, na hawajui mpaka leo ni kwa nini.

Mkaguzi mwenyewe aliichapa ofisini kwake, kubwa, akaitia lamineti, ile plastiki ngumu ya kuhifadhia vyeti. Nikampelekea mama. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Swali lake la kwanza lilikuwa la mtu anayejua anachokitafuta.

"Hapa saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

Sikumdanganya kwa kukusudia. Rangi ilikuwa ya saa kumi, mimi mwenyewe niliiweka. Nilikuwa nimeitazama picha ile wiki mbili mpaka nikasahau kwamba jua lile la saa kumi lilikuwa linatokea mashariki.

"Na kivuli hiki ndicho cha saa kumi?"

"Ndicho."

"Basi mlango utazame huku, kwa watu."

Wiki ileile nilikuwa nimefundisha darasani jinsi dunia inavyojizungusha na kwa nini jua tunaliona linachwea magharibi. Watoto wawili walikosea zoezi. Niliwachorea duara jekundu.

Siku ya kupiga kamba za msingi mimi nilikuwa shuleni. Yaliyotokea nilisimuliwa na fundi mjenzi mwenyewe, bila kucheka, nyumba ikiwa imeshaezekwa. Alimwambia mama, "Bi mkubwa, huku magharibi. Jua la jioni litakuchoma hapa barazani." Mama akaingia kwenye kibanda cha mafundi, akatoka na picha. "Mwanangu anafundisha jiografia," akamwambia. "Ameshapima." Fundi akatazama picha, akatazama juu angani, akarudi kwenye picha. Ilikuwa imetiwa lamineti. Akaendelea kupiga kamba.

Nilipomsikia fundi akisimulia, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikinywa chote kikiwa cha moto.

Ningeweza kumwambia mama siku hiyo. Sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba paa litasaidia, kwamba mwembe mmoja utapandwa, kwamba labda Mbagala jua si kali sana. Mwalimu wa jiografia niliwaza hivyo. Mama akahamia. Nikampigia simu kumuuliza nyumba ikoje.

"Nzuri, mwanangu."

Mtu yeyote wa kundi langu angeshtuka hapo hapo. Mimi nikashukuru, nikakata simu.

Nilimtembelea Jumapili ya tatu tangu ahamie, nikafika alasiri imeshaswaliwa. Nikitokea sokoni niliiona nyumba kwa mbali. Ilikuwa ileile, kila tofali, nilivyoichora. Jua lilikuwa limeijaa kama maji yaliyojaa beseni. Mama alikuwa barazani. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, amejitanda khanga kichwani mpaka usoni, ameipa barabara mgongo, anatazama ukuta. Mikono inasuka. Watu wanapita nyuma yake, wanasalimia, naye anaitikia bila kugeuka. Waliokuwa wageni mtaani walidhani ana huzuni au amekasirika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika?"

"Mbona umekaa hivyo?"

"Nautazama ukuta wangu. Miaka yote ukuta ulikuwa wa watu."

Nikakaa karibu yake. Sakafuni palikuwa na vipande vya miyaa vilivyokatika, vingi, nisivyowahi kuviona Chang'ombe. Miyaa ikikauka haipindiki, inavunjika. Alikuwa na kopo la maji pembeni, anachovya vidole kila baada ya jani moja. Hakusema neno juu ya jua. Aliniuliza kama nimekula. Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto, ile ya kuvunja kitu cha mtu halafu mwenyewe akakupa pole kwa kujikata.

Kabla sijaondoka nilisimama barabarani, nikampiga picha kwa simu. Nikaituma kwenye kundi bila maelezo. Sijui vizuri kwa nini. Nadhani nilitaka kukiri, na sikuwa najua njia nyingine ya kuongea na watu wale.

Wakadhani nimerenda.

Fundi wa alumini alichora duara kwenye ukuta. "Mwanga umezidi, punguza nguvu ya jua nusu." Mwingine akachora sakafuni. "Takataka ziko sawa, ila zimerundikana mahali pamoja, zitawanye." Mwingine akasema kopo la maji limewekwa tu bila sababu. Kisha likaja la mkaguzi. Alikuwa amemzungushia mama yangu duara jekundu, kuanzia khanga mpaka kigoda.

"Huyu bibi umemkalisha vibaya. Hakuna mtu anayekaa barazani akaipa mgongo barabara. Mgeuze."

Niliisoma nikiwa nimesimama kituoni. Nikaisoma tena. Tangu niingie kwenye kundi sijapata kuonyeshwa kasoro ya kweli kuliko ile. Nikaandika: "Hiyo ni picha ya simu. Huyo ni mama yangu. Hilo ndilo lile jua ulilosema nilizungushe."

Nilikuwa nimeshafika nyumbani mkaguzi alipouliza, "Ticha, Mbagala sehemu gani?"

Walikuja Jumamosi, yeye na fundi wa alumini, wamevaa mashati ya kuchomekea kama watu wanaokwenda kuposa. Walibeba kompyuta na futi ya kupimia. Walimwamkia mama, wakakaribishwa mkekani, wakanyweshwa chai. Mkaguzi alikuwa mkubwa wa mwili kuliko nilivyodhania, na hakujua aweke wapi mikono.

"Mama, mie ndo mwenye kosa," akasema. "Mie ndo nilimwambia Ticha alizungushe."

"Alizungushe nini?"

"Jua."

Mama aliacha kusuka. "Nyie mnazungushaga jua?"

"Kwenye kompyuta, mama."

"Na likazunguka?"

"Likazunguka."

Mama akamtazama, akanitazama na mimi. "Basi lirudisheni."

Tukalirudisha. Mkaguzi alifungua nyumba kwenye kompyuta, akauliza kaskazini ni wapi, akaiweka kaskazini kwa mkono wake. Wakaanza kumtafutia mama kivuli. Fundi wa alumini alitaka kuizungushia baraza vioo vyeusi, vya kusukuma pembeni, kuanzia chini mpaka juu. Alikuwa ameshavichora, vinameta. Mama akavitazama. "Nikae ndani ya kabati la vyombo?" Vikafutwa. Mimi nikapendekeza mikeka yake mwenyewe ining'inizwe mbele kama pazia. Mama akasema hilo ameshajaribu, jua lilizuilika na watu wakazuilika. Ikabaki kuongeza paa la bati mbele ya baraza, lishuke kidogo kuelekea barabarani. Wakalichora.

Kabla ya kutoa maoni yoyote mama aliuliza, "Jua mmelitoa wapi?" Mkaguzi akamwonyesha. Mama akainuka, akatoka nje na ukili wake mkononi, akaweka kiganja juu ya macho, akahakikisha. Akarudi, akakaa. "Hapo sawa," akasema. Katika watu wote waliowahi kuitazama picha ya nyumba ile, ni yeye peke yake aliyekuwa anauliza swali linalostahili.

Picha tuliyoirenda kwa ajili ya fundi mjenzi ilikuwa mbaya. Ilikuwa bapa, jua uso kwa uso, bati limekaa kama kofia ya kuazima. Tuliituma kwenye kundi hivyohivyo, pembeni tumeandika saa na mshale wa kaskazini, na hakuna aliyechora duara. Tangu hapo imekuwa sheria. Nyumba itakayojengwa kweli haitumwi bila saa na kaskazini. Mkaguzi ndiye aliyeitunga, na ndiye anayewatoa wanaoivunja.

Wakati wanaaga, mkaguzi aliiona ile picha ya lamineti sebuleni, imetundikwa juu ya kochi. Akamwomba mama airuhusu ishuke, aende akaichane. Mama akakataa.

"Iache. Ile nyumba naipenda," akasema. "Ningepata ningehamia."

Bati liliongezwa, na linasaidia. Mama anakaa anatazama watu kuanzia alasiri. Lakini jua la jioni linashuka, na ikikaribia saa kumi na nusu linapenya chini ya bati, linaingia barazani lote. Mkaguzi ameshachora aina saba za kurefusha lile bati. Likirefushwa zaidi linafunika barabara. Anaendelea kuchora, nami nimemwambia apumzike, hasikii.

Kwa hiyo Jumapili naenda Mbagala mapema. Saa kumi na nusu ikifika nahamisha kigoda changu, nakaa ukingoni mwa baraza, mgongo kwenye jua, uso kwa mama.

"Kushoto," ananiambia. "Umezidi. Rudi kidogo. Inua kichwa. Hapohapo."

Kivuli changu kinamwangukia usoni. Anafunua khanga, anatazama barabara kupitia juu ya bega langu, anasalimia, anauliza wagonjwa, na wakishapita ananichambulia, maana mimi nimewapa mgongo siwaoni. Mgongo wangu unaungua mpaka magharibi. Sitikisiki. Siku nyingine sita, saa kumi na nusu ikifika, anageukia ukuta.